"Nililazimishwa": Maana ya Shurutisho Mdomoni na Mahakamani

Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya msamiati wa sheria, nami badala ya kukutwika orodha ndefu ya maneno nimechagua neno moja tu ambalo sote tumelitumia. Wengine wetu tumelitumia juzijuzi mbele ya mwalimu wa zamu: nililazimishwa. Ukisikia mtu akilitamka, ujue kuna jambo limetendeka na mtendaji hataki libaki mikononi mwake. Lakini je, neno hilo lina uzito gani? Nani akisema "nililazimishwa" tumwamini, na nani tumwambie, "Ala! Wacha maneno yako"?

Tuanze na ukoo wa neno lenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili na takriban yote yametoka Uarabuni. Lazima, ambalo limezaa kulazimisha na kulazimishwa. Sharti na shuruti, yaliyozaa kushurutisha. Budi, ambalo hatulitumii ila katika kukanusha: sina budi, yaani sina njia ya kuepuka. Upande wa pili wa mizani tuna hiari na ridhaa. Wahenga nao walisema hiari yashinda utumwa, na nadhani walijua walichokisema, maana pwani yetu iliona utumwa kwa macho.

Hebu litazame hili neno sharti kwa makini. Linatumika kwa maana mbili ambazo mwanzoni zinaonekana kama hazihusiani. Tunasema "masharti ya kujiunga na chama", yaani mambo ambayo ukiyatimiza unapata jambo fulani. Tena tunasema "sharti uje", yaani huna hiari. Mimi naona maana hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Mtu anayekushurutisha huwa anakuwekea sharti: fanya hivi, la sivyo utaona. Waingereza wana neno lao la sheria kwa jambo hili, na mzizi wake ni neno la Kilatini durus, yaani kigumu. Wao wameona ugumu wa ile hali. Sisi tumeona ile "la sivyo". Kwa maoni yangu sisi tumelipatia zaidi, kwani kila shurutisho lina "la sivyo" ndani yake, hata kama haikutamkwa.

Liko neno jingine ambalo vijana wengi hawalijui: shokoa. Hii ni kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo. Babu zetu waliijua vizuri. Na hapa pana kisa ambacho kila mwanafunzi wa lugha anapaswa kukijua. Mnamo Oktoba 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka kwa maofisa wake kuhusu Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Waraka haukusema walazimishwe. Ulisema wahimizwe. Kuhimiza! Neno zuri, la upole, hata mama humhimiza mtoto asome. Lakini ukihimizwa na chifu ambaye naye amehimizwa na Bwana DC, na anaandika jina la kila anayekaa nyumbani, hapo kuhimizwa kumebaki wapi? Kelele zilipigwa hata na baadhi ya maaskofu kuhusu waraka huo. Ndiyo maana nasema, neno pekee halitoshi. Tazama nani anasema, anamwambia nani, na anayeambiwa akikataa itakuwaje.

Haya basi, tuingie mitaani. Katika mazungumzo ya kila siku tunalitumia neno hili kiholela. "Mvua ilitulazimisha kulala Archers Post." "Njaa ilinilazimisha kuuza redio." "Mama alinilazimisha kunywa dawa." "Marafiki walinilazimisha kutoroka shule." Hakuna ubaya wowote, ndiyo raha ya lugha. Ila ukifika mahakamani na sentensi hizo, ya kwanza na ya pili zinaanguka mlangoni. Mvua si mtu. Ukame si mtu. Mfugaji anayefika soko la mifugo la Isiolo wakati wa kiangazi na ng'ombe wake amebaki mifupa, akapewa bei ya kutupa na dalali, anaumia kweli kweli, nami simcheki. Lakini kwa kawaida sheria haitasema alishurutishwa. Dalali hakuuleta ukame. Aliukuta tu, akautumia. Tunaweza kumwita mchoyo, na jina hilo ni lake, lakini si mshurutishaji.

Kwa upande wa jinai, mambo yameandikwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 16. Nitakieleza kwa maneno yangu. Mtu hatahesabiwa kuwa na hatia ikiwa kosa lilitendwa na watu wawili au zaidi, naye akashiriki kwa sababu tu wenzake walimtishia, kwa muda wote wa tendo lile, kwamba watamuua au kumjeruhi vibaya papo hapo akikataa. Halafu kifungu kinaongeza jambo ambalo ningependa uliweke akilini: tisho la madhara ya baadaye halimwokoi mtu.

Tuchukue mfano ambao hauko mbali na sisi. Ni wa kubuni, kwa hiyo asitafutwe mtu. Usiku wa mgomo, Guyo anaamshwa kitandani na wenzake watatu. Mmoja amemwekea panga shingoni. "Rusha jiwe dirishani ama tukumalize." Guyo anarusha. Mwenda, kwenye kitanda cha jirani, anaambiwa, "Usiporusha, shule ikifungwa utatujua." Anarusha pia. Lokwang anaambiwa, "Ukibaki hapo wewe ni msaliti, hatutaongea nawe tena." Naye anarusha, tena kwa mkono wenye nguvu kuliko wote. Kesho yake wote watatu wako ofisini na wimbo ni mmoja: nililazimishwa.

Kimazungumzo, wote watatu wamesema kweli. Kisheria, ni Guyo peke yake anayekaribia mlango wa kifungu cha 16. Tisho la Mwenda ni la wakati ujao; alikuwa na siku kadhaa za kumwambia mwalimu, mzazi au polisi. Tisho la Lokwang si la kifo wala jeraha, ni la upweke tu. (Najua upweke bwenini si jambo dogo, mimi pia nimeukaa. Lakini sheria haina kipimo chake.) Na hata Guyo asishangilie mapema. Tuseme wale wenye panga walikwenda bweni jingine, yeye akabaki pale na kurusha mawe mengine mawili kwa kuona raha ya vioo vikipasuka. Yale mawili ni yake. Kifungu kimesema muda wote wa tendo, si mwanzo wake tu.

Ukidhani nimetia chumvi, kumbuka yaliyotokea jirani zetu upande wa Meru. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito, wavulana walipanga mgomo na wasichana wakakataa kujiunga nao. Wavulana walivamia bweni lao. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakanajisiwa. Kwa hiyo mtu anaposema aliogopa wenzake usiku wa mgomo, tusikimbilie kumcheka. Kuna watu waliokataa na hawakuiona asubuhi. Sheria inapodai tisho liwe la kweli na la papo hapo, haimaanishi kwamba matisho ya namna hiyo hayapo. Yapo, na ndiyo maana kifungu kimewekwa.

Je, hata kuua kunasameheka kwa shurutisho? Hapa majaji wa Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zimetoka, wamewahi kugeuza mawazo. Katika kesi ya Lynch ya mwaka 1975, dereva huko Ireland ya Kaskazini alisema aliamriwa na watu wenye silaha awaendeshe hadi mahali ambapo polisi aliuawa. Mahakama ya juu kabisa ilisema mtu kama huyo, aliyesaidia tu, aweza kujitetea kuwa alishurutishwa. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1987, katika kesi ya Howe, mahakama ile ile ikaamua kwamba mlango huo umefungwa: katika mauaji shurutisho si utetezi, uwe umeua kwa mkono wako au umesaidia. Hoja yao kubwa ni kwamba huwezi kununua uhai wako kwa uhai wa mtu asiye na hatia. Nilipowaeleza wenzangu chamani hoja hii, nusu walikubali. Nusu nyingine waliuliza kama majaji hao wamewahi kuendesha lori usiku katika barabara ya Moyale enzi zile za kusindikizwa na askari. Jamani, swali hilo sikulijibu na sijalijibu hadi leo.

Jambo jingine walilolikazia huko Uingereza ni kuwa aliyejiunga na genge kwa hiari yake, akijua ni genge la watu wa fujo, asije baadaye akalia kwamba genge limemlazimisha. Anayekwenda na wezi wa mifugo hadi bondeni, kisha akaambiwa afyatue risasi, alikuwa na nafasi ya kukataa alipokuwa bado nyumbani akinywa chai.

Kifungu cha 19 nacho kina jambo la kuchekesha kidogo. Kinasema mke aweza kujitetea kuwa alitenda kosa mbele ya mumewe na kwa kulazimishwa naye, isipokuwa uhaini na mauaji. Mume hakutajwa, kana kwamba hakuna mume duniani anayemwogopa mkewe! Waingereza wenyewe walioleta wazo hilo walilifuta kwao mwaka 2014.

Tuhame kwenye jinai twende kwenye mikataba. Huku sheria ya Kenya, Sura ya 23, inafuata kanuni za kimsingi za Kiingereza kuhusu mapatano. Mkataba uliotiwa sahihi kwa vitisho unaweza kuvunjwa, na si lazima vitisho viwe sababu pekee ya kukubali. Katika kesi ya Barton na Armstrong iliyotoka Australia na kuamuliwa London mwaka 1973, mtu alitishiwa kuuawa ili akubali mapatano ya biashara. Alikuwa pia na sababu zake za kibiashara za kukubali. Haidhuru, walisema majaji. Yatosha kwamba tisho lilikuwa mojawapo ya sababu.

Vipi kama hukutishiwa mwili bali mali? Kuna kesi kongwe ya mwaka 1731, ya Astley na Reynolds. Mtu aliweka vyombo vyake vya fedha rehani. Alipokwenda kuvikomboa, mwenye duka akadai riba kubwa kupita sheria na kukataa kuviachilia. Mwenyewe akalipa ili apate vyombo vyake, kisha akashtaki na kurudishiwa ile ziada. Nilipokisoma kisa hiki nilimkumbuka jamaa yangu mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi. Mbuzi wake walifungiwa katika uwanja wa tajiri fulani, bila maji, mpaka atie kidole gumba kwenye karatasi ya deni asilolijua. Siku ya pili alitia, kwa sababu mbuzi walikuwa wameanza kulala chini. Watu walimwambia, "Si umeweka kidole mwenyewe?" Naam, aliweka mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini hao waliomwambia hivyo walichanganya mkono na moyo. Mtu aliyeshurutishwa huwa ameamua, tena ameamua kwa akili timamu: kati ya mabaya mawili amechukua lililo dogo. Kinachokosekana hapo ni ridhaa, uamuzi upo.

Waislamu miongoni mwetu watakumbuka kisa cha Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka hadi akatamka maneno ya kuikana imani yake huku moyo wake umetulia, na hakuhesabiwa dhambi. Wanazuoni wameijadili mada hii kwa karne nyingi. Kwa mfano, mume akilazimishwa kutamka talaka, je, talaka imepita? Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani na hata huku kwetu, yanasema haikupita. Madhehebu ya Hanafi yanasema imepita. Mnaona basi kwamba hata kwa wenye elimu kubwa suala hili si jepesi.

Sasa nifike mahali ambapo sarufi yetu yenyewe inatoa ushahidi. Kiswahili kina viambishi vinavyoonyesha nani amemfanya nani atende. Tazama tofauti kati ya kuolewa na kuozwa. "Halima aliolewa" na "Halima aliozwa" si sentensi moja. Katika ya pili kuna mtu mwingine nyuma ya pazia, na harusi ni mpango wake. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inasema ndoa iwe kwa ridhaa ya wahusika, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ridhaa iliyopatikana kwa shuruti au udanganyifu si ridhaa. Maneno mengi ya kisheria hayo. Mwalimu wa sarufi angeyasema kwa herufi moja tu, ile z.

Vivyo hivyo kuhama na kuhamishwa. Nyanya yangu akisimulia habari za miaka ya sitini hasemi kamwe "tulihamia Garba Tula". Husema "tulihamishwa". Wakati wa vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, wafugaji wa Isiolo walikusanywa na serikali katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe, na mifugo yao mingi ikapotea, mingine ikapigwa risasi. Waborana wa hapa huziita siku hizo Gaaf Daaba, wakati kila kitu kiliposimama. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali kwa waliyoyatenda katika wilaya hizi, Isiolo ikiwemo, kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Ukisoma kitabu kikasema watu "walihamia vijijini", mwulize mwandishi imekwenda wapi ile -ish- ya nyanya yangu.

Na kukiri je? Hapa sheria yetu imejifunza kwa machungu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 26, inakataa ukiri uliotokana na kishawishi, tisho au ahadi kutoka kwa mtu mwenye mamlaka. Hilo halikuwasaidia sana waliofungiwa vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House miaka ya 1986 na 1987, wakati wa msako wa Mwakenya. Waliteswa, wakaletwa mahakamani, wakasema wenyewe "ni kweli", wakafungwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa baadhi yao fidia. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Bunge lilikwisha kubadilisha sheria ili ukiri uliofanywa kituoni mbele ya polisi tu usikubaliwe, na Katiba ya 2010, ibara ya 49, inasema aliyekamatwa asilazimishwe kukiri.

Tena kuna kiapo. Katika Kanuni ya Adhabu kuna vifungu juu ya viapo haramu, ambavyo wakati wa Mau Mau viliwanasa wengi. Aliyelishwa kiapo kwa nguvu hakuruhusiwa kujitetea kwa shurutisho ila awe amekwenda kuripoti kwa wakubwa katika muda wa siku chache. Hebu fikiri: mwanakijiji amelishwa kiapo usiku, akionywa kwamba akisema atakufa. Asiposema, serikali itamfunga. Wahimizaji wawili, mmoja kila upande, na siku zinahesabiwa.

Mnajua kwa nini nimeyaleta haya shuleni? Kwa sababu nasi tuna ukiri wetu. Katika shule moja ambayo sitaitaja, baada ya fujo, wanafunzi waliwekwa ukumbini na kupewa karatasi: "Andika ulichofanya, ndipo ule." Saa nane za usiku kila mmoja alikuwa na kosa. Wengine waliandika makosa ya siku ambazo hata hawakuwa shuleni. Sisemi walimu wasiulize maswali. Shule ikichomwa lazima mtu aulizwe. Nasema karatasi iliyoandikwa kwa njaa hutuambia mwandishi alikuwa na njaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili na kiakili, na sidhani waliiandika kwa ajili ya viboko peke yake.

Kwa mkutano wetu ujao chamani, naomba kila mmoja aje na majibu ya haya. Tunga sentensi mbili kwa kila jozi: kuolewa na kuozwa, kuhama na kuhamishwa, kuapa na kuapishwa. Halafu tafuta kitenzi cha mtu aliyefanywa akiri. Je, kukirishwa kunafaa? Sijakikuta katika kamusi niliyo nayo, lakini watu wa kuitwa hivyo tunao. Mwisho, rudi kwa Guyo, Mwenda na Lokwang. Wewe ndiwe hakimu, na Mwenda anasema mbele yako, "Mheshimiwa, waliosema nitawajua wanakaa mtaa mmoja nami, na kwetu hakuna mlango, ni pazia." Andika hukumu yake isiyozidi ukurasa mmoja.